Fidla ya mwanao: ubavuni mwa fundi wa taarab au kwenye okestra ya vijana?

Mama mmoja wa Likoni alinipigia simu mwezi uliopita, saa tatu za usiku, baada ya kuwalaza watoto. Binti yake ana miaka tisa. Aliiona fidla harusini, akasimama mbele ya wapigaji mpaka kikundi kikafungasha vyombo, na tangu siku hiyo haombi kitu kingine. Mama ana milango miwili. Dada yake anaishi Unguja na yuko tayari kumpokea mtoto kila likizo. Huko kuna vikundi vya taarab na kuna chuo cha muziki. Baba wa mtoto anafanya kazi Nairobi, na huko kuna okestra za vijana zinazopiga kwa nota. Akaniuliza: "Mwalimu, mwanangu atalelewa vizuri wapi?"

Kulelewa ndilo neno lenyewe. Mtoto anaweza kufundishwa na mtu yeyote mwenye kitabu na subira, lakini kulelewa ndani ya muziki kunahitaji mtu mzima ambaye ala ndiyo maisha yake, akae karibu na mtoto kwa muda mrefu. Mimi nililelewa Unguja, ujana wangu wote, na leo kazi yangu ni kuwasimamia wapiga fidla wachanga wa okestra ya vijana Nairobi kila Jumamosi. Nazipenda njia zote mbili. Hazifanani, na zinampa mtoto vitu viwili tofauti. Mzazi anayechagua bila kujua tofauti hiyo hujikuta baada ya mwaka mmoja analaumu mtoto.

Kabla ya kulinganisha, nimwombe mzazi abadilishe swali. Wengi huuliza mwalimu ana cheti gani, amepiga wapi, ni wa nchi gani. Ulizeni kwanza: mtoto akipiga, huyo fundi anakaa wapi? Anasimama mbele na kueleza? Anakaa ubavuni mwake na kupiga wimbo uleule? Au huja mara mbili kwa mwaka, akapigwa picha na watoto, akaondoka? Karibu kila nilichokiona katika kazi hii, kizuri na kibaya, kilitokana na mahali pa kile kiti.

Unguja: sikio kwanza

Taarab yenyewe ilifika Unguja kwa njia ya ulezi. Historia inayosimuliwa ni kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, na aliporudi akawafundisha wengine kwenye kasri. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Culture Musical Club ilifuata mwaka 1958. Vikundi hivi vikakua kwa mfano wa okestra za Misri: safu ya fidla, selo, besi, akodiani, udi, ganuni, nai ambayo ni filimbi, dumbaki na rika ambazo ni ngoma na tari, na kwaya nyuma. Kwa hiyo mzazi anayesema "taarab si okestra" aende akaketi kwenye mazoezi ya kikundi kikubwa. Ni okestra, tena yenye umri mkubwa kuliko karibu okestra zote za nota tulizonazo Afrika Mashariki.

Mtoto anavyoingia humo ndiyo habari yenyewe. Fundi wangu hakuwahi kunieleza upinde unashikwaje. Aliniketisha kushoto kwake, magoti yetu yakikaribia kugusana, akapiga. Nilipokosea alirudia palepale, kwa sauti kubwa kidogo, bila kunitazama. Baada ya miezi mitatu mkono wangu ulikuwa unakwenda kama wake na mimi sikujua umejifunza lini. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya njia hii: mwili wa mtoto unaiga mwili wa fundi. Pumzi, uzito wa kiwiko, namna ya kusubiri mwimbaji amalize neno ndipo ala zijibu, hayo yote yanapita bila maelezo. Hakuna kitabu kinachoweza kuyaandika.

Kuna na jambo la sauti zenyewe. Muziki huu unakwenda kwa makamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu: Rast, Bayati, Hijazi, Saba, Nahawandi. Katika Rast, hatua ya tatu inakaa katikati ya ile ya meja na ile ya maina, ngazi mbili za muziki wa Kizungu. Tafuta sauti hiyo kwenye piano, huipati, haina kibonye. Fidla haina vibonye wala alama, kwa hiyo inaweza kuipata, lakini kidole kitaipata tu kama sikio limeizoea. Mtoto wa miaka tisa anayekaa jioni tatu kwa wiki karibu na ganuni huizoea bila kujua kwamba ni ngumu. Mtu wa miaka ishirini na tano aliyesoma nota tangu utotoni huisikia kama kosa, na kulirekebisha sikio lake ni kazi ya miaka.

Kisha kuna vionjo. Fidla zote zinapiga wimbo mmoja, lakini kila mpigaji ana ruhusa ya kuupamba: kuteleza kidogo hapa, kutikisa kidole pale, kuchelewa nusu pigo ili neno la mwimbaji liingie moyoni. Mwanafunzi anaruhusiwa kupamba pale tu mkubwa wake anapomtupia jicho la kumkubali. Nakumbuka vizuri usiku nilipopewa jicho hilo mara ya kwanza. Sikulala.

Zamani vijana wengi walipitia kidumbaki kwanza, kikundi kidogo cha fidla, besi ya sanduku na ngoma mbili, kinachopiga haraka harusini mpaka alfajiri. Mpiga fidla wa kidumbaki anakesha peke yake bila fidla nyingine ya kumficha. Marehemu wengi na walio hai wanaoheshimiwa katika taarab walitokea huko, na Makame Faki wa Culture Musical Club aliheshimika kote kuwili, kwenye kidumbaki na kwenye kikundi kikubwa. Kwa mtoto mdogo sipendekezi kukesha, bila shaka. Nalitaja kwa sababu linaonyesha ngazi: kwanza unasikiliza, kisha unapiga nyuma, kisha unaachiwa uwanja.

Leo mlango ulio wazi zaidi kwa mtoto wa mtu asiye na ukoo wa wanamuziki ni Dhow Countries Music Academy (DCMA) ya Mji Mkongwe, iliyoanza kufundisha mwaka 2002. Pale fidla, udi, ganuni na ngoma zinafundishwa kwa ratiba, na wanafunzi wanasoma nota pamoja na makamu. Chuo hicho kimefungua pia mlango ambao zamani ulikuwa mgumu, nao ni wa wasichana. Wanawake wamekuwa malkia wa kuimba taarab tangu enzi za Siti binti Saad, lakini ala zilishikwa na wanaume. Mariam Hamdani alipoanzisha kundi la Tausi mwaka 2009, wanawake walikaa kwenye viti vya ala wenyewe. Nilimwambia mama wa Likoni hili kabla ya jambo jingine lolote. Binti anahitaji kumwona mwanamke mwenye fidla begani, na mapema.

Njia hii ina mapungufu, na nitayasema kwa sababu yalinigharimu. Fundi wa zamani hafundishi kwa hatua. Ukiwa na kosa la kidole kidogo cha mkono wa kushoto, anaweza kuliacha miaka mitano kwa sababu kwenye wimbo halisikiki. Mimi nilifika umri wa miaka kumi na tisa sijawahi kupanda juu ya nafasi ya tatu kwenye ubao wa vidole, na nikalazimika kuubomoa mkono wangu na kuujenga upya. Pia ulezi huu unategemea moyo wa mtu mmoja. Akiugua, akisafiri, akikuchukia, masomo yamekwisha. Na chuo kinachofundisha watoto wasio na uwezo wa kulipa ada nzima huishi kwa wafadhili. DCMA imepita vipindi vya hofu ya kufunga milango kwa ukosefu wa fedha, jambo lililotangazwa na wao wenyewe. Mzazi aulize hali ya sasa kabla ya kumkatia mtoto tiketi.

Nairobi: jicho, hesabu na jirani wa stendi

Huku fidla inaitwa vayolini, na kitu cha kwanza anachopewa mtoto ni karatasi ya nota. Conservatoire ya Muziki ya Kenya ilianzishwa mwaka 1944, Okestra ya Nairobi mwaka 1947, kwa hiyo muziki wa nota si mgeni mjini. Kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni nani anayeruhusiwa kuingia. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kwenye viwanja vya kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana huko Korogocho, karibu na jalala la Dandora, Elizabeth Njoroge na wenzake walianza mradi wa Ghetto Classics. Mwaka 2014 ikaja Okestra ya Vijana ya Safaricom, inayowakusanya watoto wa mitaa tofauti na shule tofauti. Mtoto wa Korogocho na mtoto wa Karen, mtaa wa matajiri, wakashika stendi moja, kile kisimamo cha kuwekea karatasi za nota.

Stendi moja, watu wawili. Msomaji asiyejua okestra alishike hili, maana hapa ndipo ulezi wa okestra unapokaa. Wapiga fidla hukaa wawili wawili. Aliye upande wa hadhira anaendelea kupiga ukurasa ukifika mwisho. Aliye upande wa ndani anaacha kupiga na kufunua karatasi. Penseli ni moja. Mmoja akiandika upinde ushuke hapa au upande pale, mwenzake anausoma. Ukimweka mtoto wa miaka kumi na mbili stendi moja na mpigaji mzoefu, kwa saa mbili atajifunza kuhesabu vipindi vya kimya, kuingia bila kuogopa, kupiga kwa sauti ya chini kuliko alivyodhani inawezekana, na kumtazama kondakta kwa kona ya jicho. Mkubwa hajasema neno. Ndicho kiti kilekile cha fundi wangu wa Unguja, ila katikati yao kuna karatasi.

Kabla ya mazoezi ya wote huwa kuna mazoezi ya kundi la ala moja. Fidla za kwanza chumba hiki, fidla za pili kile, selo na besi varanda. Hapo mwanamuziki mzoefu anayelipwa kuwasimamia anafanya kazi tatu zisizoonekana jukwaani. Anaamua pinde zote ziende upande mmoja. Anatafuta vidole rahisi kwa mahali pagumu, kwa sababu kidole anachoweza mtu mzima huenda mtoto hakifikii. Na anavunja ukurasa mgumu vipande vya pigo nne nne, polepole, mpaka anayekaa stendi ya mwisho naye ameupata. Kazi ya tatu ndiyo ninayoipima kwa mwalimu. Wengi wanafanya kazi na stendi mbili za mbele, waliobaki wanasogeza pinde hewani. Nimekaa nyuma ya kundi la namna hiyo katika okestra moja ambayo sitaitaja, nikahesabu watoto sita waliomaliza mazoezi ya saa nzima bila nywele za upinde kugusa uzi.

Okestra nzuri za vijana zina jambo jingine ambalo taarab inalo pia kwa desturi: wakubwa kuwalea wadogo. Ghetto Classics imeligeuza kuwa mfumo. Kijana aliyeanza hapo mtoto anapanda, anawafundisha wanaomfuata, na kazi hiyo inampa kipato kidogo. Mimi naamini hii ni nusu ya mafanikio yao. Mtoto wa miaka minane hawezi kujiona ndani ya mpigaji wa miaka hamsini aliyesomea Ulaya. Anajiona vizuri sana ndani ya kijana wa miaka kumi na saba wa mtaa wake, ambaye mwaka juzi alikuwa anakosea palepale anapokosea yeye.

Na kuna ngazi za mitihani, daraja la kwanza hadi la nane, za bodi ya ABRSM ya Uingereza, ambazo shule nyingi za Kenya na Tanzania zinazitumia. Zina faida: mtoto anajua alipo, mwalimu akibadilika mwingine anajua aanzie wapi. Zina hasara: nimepokea watoto wa daraja la tano wanaojua vipande vitatu tu, vile vya mtihani, na ukizima taa hawawezi kupiga hata wimbo wa kanisani kwao. Sikio limekaa bila kazi. Hili ndilo pungufu kubwa la njia ya Nairobi, na ndilo hasa ambalo Unguja inalitibu.

Mgeni wa wiki moja

Wazazi wanavutiwa sana na okestra inayotembelewa na wanamuziki wakubwa kutoka nje. Nawaelewa. Lakini tazameni mambo yanavyofanyika kule ambako mfumo huu umekomaa.

Okestra ya Taifa ya Vijana ya Uingereza ilianzishwa na Ruth Railton mwaka 1948. Vijana hukutana likizo za shule, wanakaa pamoja siku kadhaa, na kila kundi la ala linalelewa na wapigaji wa kulipwa. Marekani, Carnegie Hall ilianzisha okestra ya taifa ya vijana wa miaka 16 hadi 19 mwaka 2013. Kila majira ya joto wanakaa chuoni Purchase, jimbo la New York, zaidi ya wiki mbili, wakinolewa na wapigaji wa okestra kubwa za nchi hiyo, kisha wanasafiri kupiga nje. Hawalipi kitu. Matokeo ni ya kushangaza, na ni rahisi kudhani wiki hizo mbili ndizo zilizowatengeneza.

Kilichowatengeneza ni Jumanne. Kila mmoja wao ana mwalimu wake nyumbani, wiki baada ya wiki, kwa miaka minane au kumi kabla ya kuingia. Wale wapigaji wakubwa wanamwaga maji kwenye shamba lililolimwa. Ukichukua nusu hiyo peke yake, mgeni wa wiki moja bila mwalimu wa kila wiki, unapata hali niliyoiona mwenyewe: mgeni mwenye nia njema kabisa anabadilisha namna watoto wanavyoshika upinde, anaondoka Jumapili, na Jumamosi inayofuata mtoto ana mikono miwili ya kulia, ule wa zamani alioambiwa ni mbaya na mpya ambao hajaukamilisha. Ilituchukua muhula mzima kuwarudisha.

Mgeni ana mahali pake, na anaposaidia kweli ni pale anapokaa ndani ya kundi na kupiga nao. Okestra nyingi za dunia siku hizi zinafanya tamasha la namna hiyo, mzoefu mmoja na kijana mmoja kila stendi. Kijana anayepiga dakika arobaini ndani ya sauti ya namna hiyo anatoka na kumbukumbu ya mwili: sasa anajua sauti nzito ya fidla kumi na mbili zikikubaliana inavyotetemesha mbao chini ya kidevu. Akirudi nyumbani anaitafuta.

Basi akija mgeni kwenye okestra ya mwanao, ulizeni swali moja: mwalimu wa kila wiki atakuwepo chumbani? Akiwepo, yale yatakayosemwa yatabaki. Asipokuwepo, mtoto afurahie siku, na asibadilishe kitu.

Zikigombana

Wapo wanaotaka vyote, likizo Unguja na muhula Nairobi. Inawezekana, na watoto waliolelewa hivyo ni hazina. Wanaweza kukaa kwenye okestra ya nota asubuhi na kwenye taarab usiku. Lakini mjue zitagombana mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni kidole. Mwalimu wa Nairobi akisikia hatua ya tatu ya Rast atasema mtoto anapiga chini ya sauti. Fundi wa Unguja akisikia meja ya piano ndani ya Rast atasema mtoto hana ladha. Wote wawili wanasema kweli nyumbani kwao. Mzazi awaambie walimu wote wawili mapema kwamba mtoto ana lugha mbili, na mwalimu mzuri ataacha kusahihisha na kuanza kuuliza: sasa hivi tunapiga cha wapi?

Mahali pa pili ni vionjo. Kwenye okestra ya nota, fidla kumi na mbili ni mtu mmoja. Anayepamba peke yake anaharibu. Mtoto aliyetoka Unguja huumia hapa. Anahisi amefungwa mikono. Mvumilieni, baada ya mwaka anagundua kwamba kunyamaza ndani ya kundi ni ufundi vilevile.

Mpangilio ninaoupendekeza ni sikio kwanza, nota mwaka wa pili. Hata Shinichi Suzuki wa Japani, ambaye mbinu yake ya fidla imeenea duniani, alishikilia kwamba mtoto ajifunze muziki kama anavyojifunza lugha ya mama: asikie, aige, ndipo asome. Wazee wa taarab wa Vuga, Unguja, hawakumhitaji Suzuki kuwaambia hilo, lakini ni vizuri mzazi ajue kwamba kuanza bila karatasi si kuanza nyuma. Ila msichelewe. Nimeona vijana wa miaka kumi na tano wenye sikio la dhahabu wakilia mbele ya ukurasa kwa sababu wadogo zao wanausoma na wao hawawezi. Ikifika miaka kumi, kumi na moja, nota ziwe zimeanza.

Yasiyo na mjadala

Huku na kule, masomo ya mtoto na mtu mzima mmoja yafanyike mlango wazi au mbele ya mtu mwingine. Heshima ya fundi haipungui kwa mzazi kukaa barazani. Mwalimu akikasirika kwa hilo, ondokeni siku hiyohiyo.

Walimu walipwe. Mwanamuziki anayejitolea bure kwa watoto atafanya hivyo kwa moyo mpaka siku atakapoitwa harusini Jumamosi, na ana kodi ya nyumba. Okestra inayojisifu kwamba wasimamizi wake wote wanajitolea, ulizeni wangapi waliokuwepo mwaka jana bado wapo.

Na fidla iwe ya kipimo chake. Zipo robo, nusu, robo tatu na nzima, na ndogo zaidi ya hizo. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto, fidla ikiwa begani. Kiganja kiweze kuzunguka kichwa cha fidla bila kiwiko kukaza. Binti wa miaka tisa wa wastani huangukia nusu au robo tatu. Kumpa nzima "atakua nayo" ni kumfundisha maumivu ya bega. Kwa sisi wa pwani, unyevu hulegeza gundi na chumvi hula nyuzi: legeza nywele za upinde kila baada ya kupiga, futa unga wa ulimbo kwenye nyuzi kwa kitambaa kikavu, na usiiache fidla kwenye gari mchana hata dakika kumi.

Nilichomwambia mama wa Likoni

Kwa mtoto wa miaka tisa, wa pwani, aliyependa fidla kwa kuisikia harusini, nilichagua Unguja kwanza. Likizo mbili zijazo akae kwa mama yake mdogo, asome chuoni asubuhi, na jioni apelekwe kusikiliza mazoezi ya kikundi, akae karibu na ganuni. Katikati ya likizo apate mwalimu Mombasa hata wa nusu saa kwa wiki, wa kulinda mkono wake usijenge makosa kama yangu. Akitimiza kumi na moja, kama bado anaipenda, aende Nairobi kwa baba yake akajaribu okestra ya vijana, na aombe stendi ya nyuma pamoja na mkubwa, asiombe ya mbele pamoja na mwenziwe.

Angekuwa na miaka kumi na nne, ningegeuza. Umri huo marafiki ndio wanaomweka mtoto kwenye ala, na okestra ya vijana inampa marafiki hamsini kwa siku moja. Angekuwa mtoto anayeishi Nairobi na wazazi wasio na ndugu pwani, nisingemsumbua na boti. Ningempeleka okestra na kumtafutia mzee mmoja wa kupiga naye nyimbo za kwao bila karatasi, mara mbili kwa mwezi.

Mama aliniuliza atajuaje kama chumba alichomwingiza mtoto ni kizuri, yeye asiyejua muziki. Nikamwambia akae kimya pembeni na saa yake, siku ya kwanza tu. Ahesabu dakika ambazo mkubwa anaongea, na dakika ambazo mkubwa na mtoto wanapiga pamoja. Juzi alinitumia ujumbe kutoka Mji Mkongwe, wa tarakimu tupu: sita, na thelathini na moja. Nikamjibu amwache hapohapo.